Nshakula

Mama yangu wa Ng'ambo,

Shikamoo. Najua huniitikii, lakini tangu tukuzike bado nauamkia kila siku ule mlango wa chumba chako.

Barua ya uhamisho imefika. Nikikubali, wananirudisha kwetu Korogwe. Jibu linatakiwa kesho, nami tangu asubuhi nilikuwa naikunja na kuikunjua, nakaa, nainuka, naenda dirishani, narudi. Sikutulia, mama. Dada yangu anasema nina wazimu: kwetu unga tele, mimi nang'ang'ania kisiwa cha foleni!

Unakumbuka nilipoletwa kufundisha, nikapanga kwako? Siku ya kwanza Darajani nilimuuliza muuzaji, "Nyanya bei gani?" Akanijibu, "Bibi yako hauzwi, dada." Soko zima likacheka, nikauziwa kwa bei ya wageni, nikarudi nimevimba. Wewe nawe ukacheka mpaka kanga ikakudondoka.

"Sema tungule, mwanangu. Ulimi wako huo utakufilisi."

Kisha mchele ukaadimika, dukani wakawa wanaandika watu wa kila nyumba wapate mgao. Karani akanitazama. "Huyu mgeni. Kwao kuna chakula."

"Huyu mwanangu. Andika!"

Hakuandika. Tukawa wawili kwa fungu la mtu mmoja. Kila mchana nikitoka skuli nilikuta sahani yangu imefunikwa kawa. Nikikuuliza wewe je, unasema, "Mie nshakula." Nami mjinga nikaamini. Siku nyingine nikauliza kama kuna nyongeza! Mpaka leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Siku skuli ilipofungwa mapema nikakukuta jikoni unakwangua ukoko na kuulowanisha kwa maji. Ukashtuka utadhani umefumaniwa unaiba.

"Ukoko nnaupenda mie," ukasema.

Hukuwa na meno ya ukoko, mama.

Watu wa kwetu huniuliza maisha ya ugenini ni ghali kiasi gani. Gharama yangu uliibeba wewe kwa tumbo lako, na hukunisimanga hata mara moja.

Sasa nimempokea mwalimu mpya kutoka Tabora, yuko kile chumba changu cha zamani. Naye anaomba nyanya sokoni, wanamcheka. Naye dukani hawajamwandika. Leo wali ulitosha sahani moja tu. Nikaifunika kawa.

Alipoingia akauliza, "Na wewe, dada?"

Miaka yote hii neno lako lile hunikwama, hutoka "nimeshakula," na watoto wa skuli wanajua mimi si wa hapa. Leo limetoka lenyewe.

"Nshakula," nikamwambia. Akala.

Nami nikaenda jikoni, ile barua ya uhamisho nikaiwashia jiko, nikaloweka ukoko.

Si mtamu hata kidogo, mama. Ulinidanganya.

Mungu akulaze pema,
Mwanao wa kupanga