Barua Nane za Mlimani

Jumatatu, 2 Septemba

Tambarare hii yote haina mtu kama mimi. Hata milima ya Upare ikiniona nakuja inajiinamisha kidogo nipande bila kuhema. Sitanii.

Asubuhi nimechanganya zege la bikoni, yale mawe ya mipaka, kama kawaida. Mchana kikao. Nimechaguliwa kamati ya mpango wa makazi, kijana peke yangu kati ya wazee watano. Yona, kijana mwenzangu tuliyeshindana, alinyanyuliwa mikono minne. Mimi sikuhesabu, ilikuwa msitu. Yona ana cheti cha kidato cha nne na ramani anaisoma kichwa chini. Mimi nimeishia cha pili. Hesabu ndizo zilizonikimbia.

Kitongoji chetu cha Mferejini kitakuwa mji. Barabara zilizonyooka, soko, kiwanja cha mpira, zahanati. Hiyo zahanati ndiyo watu wanaitaka kuliko vyote. Mama mjamzito hapa anapakiwa kwenye bodaboda mpaka Same, mavumbi yote yale.

Dada Tumaini, mpima kutoka wilayani, ametoa sharti. Siku ya kupima kila mwenye shamba asimame shambani kwake, aseme anatoa kona ipi kwa ajili ya barabara au huduma. Shamba lisilo na mtu litapangwa kama ramani inavyotaka.

Tatizo: nusu ya mashamba ya huku ni ya watu wanaoishi juu mlimani. Wanashuka vuli tu, wanapanda mahindi na fiwi, wanarudi. Kaya nane. Kila moja ipelekewe barua mkononi. Mwenyekiti wetu, Mzee Senzota, akauliza nani ana miguu. Mkono wangu ukawa juu kabla hajamaliza.

Alhamisi, 5 Septemba

Barua nane, siku moja. Mtu mwingine angeomba wiki.

Nimepokelewa kama askofu. Nyumba ya kwanza makande. Ya pili makande. Ya tatu nikasema nimeshiba, wakaniona nina kiburi, nikala. Mzee mmoja kaisoma barua mara tatu, kaunusa muhuri, kauliza kama hakuna barua nyingine nyuma ya hii. Mpare huyo! Watu wanasema sisi tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Uongo. Tunauza wawili.

Saba nimewapa mkononi. Ya nane ni ya Bibi Nakiete, mjane. Anakaa ng'ambo ya mgongo wa pili wa mlima, juu ya ndiva ile wanayokusanyia maji ya mifereji. Kule juu ana migomba na kahawa iliyochoka, kwenye mteremko ambao mbuzi wanafikiria mara mbili. Chakula chake cha mwaka kinatoka kwenye shamba lake la huku tambarare, ekari moja na nusu. Hana lingine. Simu hana.

Jua lilikuwa limeegemea magharibi. Nikakutana na mzee wa kanisa njiani, nikampa barua ya Bibi aitangaze Jumapili baada ya ibada. Tangazo la kanisani halimkosi mtu kule juu. Hata ng'ombe aliyepotea anasikia.

Nimeshuka nikipiga mluzi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mapaja. Sitamwambia mtu.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nimeng'ara. Watu wa wilayani wamerusha kidege chao cha kupiga picha. Picha ikatandazwa mezani, wazee wakabaki wanaitazama kama supu isiyojulikana ni ya nyama gani. Mimi nikaweka kidole: hili la Senzota, hili letu, hili la Bibi Nakiete, huu mstari si njia, ni mfereji mkavu. Dada Tumaini akaniuliza nimesomea wapi.

"Kwa miguu, dada."

Alicheka mpaka kalamu ikadondoka. Niliiokota.

Zahanati inataka mahali tambarare, karibu na barabara, mbali na korongo maana masika linafurika. Yapo mashamba matatu tu yanayofaa. La Mzee Senzota. Letu. La Bibi Nakiete. Mmoja wetu atapoteza karibu ekari nzima, atafidiwa kwa viwanja vya kujenga. Baba hajala vizuri jioni hii.

Jumatano, 11 Septemba

Siku ya kupima.

Watu wamejaa mashambani kama siku ya mavuno. Baba amesimama katikati ya shamba letu, mikono kaitanua kama golikipa. Mzee Senzota kaja na wanawe watatu na mkoba wa karatasi za kesi aliyoshinda kabla sijazaliwa. Dada Tumaini kaangalia ule mkoba, kaandika kitu, kapita haraka.

Wale saba wa juu wameshuka wote. Kila mmoja kwenye kona yake. Kazi yangu hiyo. Nimetembea katikati yao nimetoa kifua.

Shamba la Bibi Nakiete: mabua ya mwaka jana na ndege.

Mzee Senzota akauliza, "Bibi ana habari?" Wote wakanigeukia.

"Anayo," nikasema.

Dada Tumaini akaandika kuwa mwenyewe hakufika. Zahanati ikawekwa pale. Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikapewa nyundo nigongee kigingi cha kwanza. Nimekigonga mara tatu, kikazama. Mtoto wangu, nikijaliwa, atakuja kuzaliwa hapa, mita mia mbili kutoka nyumbani. Nilitaka kulia, nikajifanya vumbi limeniingia.

Shamba letu limepona. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ijumaa, 13 Septemba

Ramani imebandikwa ofisini. Mwenye pingamizi alete ndani ya siku kumi na nne, baada ya hapo inakwenda wilayani kugongwa muhuri. Nimekwenda kuitazama mara tano. Barabara zimenyooka kama mtu aliyezichora alikuwa na hasira. Kiwanja cha mpira kipo. Mstari wa magoli niliupendekeza mimi, mzee mmoja wa kamati alikuwa anataka jua limchome kipa machoni.

Yona kaja kusimama pembeni yangu. Kaitazama zahanati. Kasema, "Bibi Nakiete si Msabato yule? Tangazo la Jumapili alilisikia na sikio lipi?"

Nimemwambia akaangalie kuku wake.

Jumanne, 17 Septemba

Nitapanda kesho nikamwambie. Siku kumi zimebaki. Nyingi.

Jumamosi, 21 Septemba

Sijapanda. Bikoni arobaini, zege halisubiri. Na leo Sabato, ningemkuta kanisani. Wiki ijayo.

Ijumaa, 27 Septemba

Siku kumi na nne zimeisha leo. Hakuna aliyeleta pingamizi. Mzee Senzota kasema mbele ya watu kwamba hajawahi kuona Wapare wakigawana ardhi bila kesi, na kwamba sifa ziende kwa kijana aliyepeleka barua. Makofi. Nikainama kama mwanasiasa.

Soda waliyoninunulia sikuimaliza.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mawingu yameanza kukaa juu ya mlima. Bibi Nakiete kashuka.

Jembe begani, mbegu za fiwi kwenye kiroba kichwani. Nilikuwa natengeneza bikoni ya zahanati nikamwona anakuja kwenye kile kijia. Nilitamani zege linimeze. Hakupiga kelele. Kashusha kiroba, kazunguka vigingi vyote vinne, kimoja kimoja, kama anahesabu mbuzi. Halafu kaja kwangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hili jiwe nani kalipanda shambani kwangu?"

Nikamkimbilia Mzee Senzota. Akaja na watu nyuma yake, akaeleza kwa upole, zahanati, ramani, siku ya kupima. Akamaliza: "Ulitangaziwa kanisani, Jumapili."

"Kanisa lipi? Senzota, wewe unanijua tangu hujaota ndevu. Mimi nasali Jumamosi. Jumapili nalima."

Wengine wakacheka. Halafu kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama maji ya ndiva ukifungua. Macho yote kwangu.

"Nilisahau, bibi," nikasema. "Nilisahau kama wewe ni Msabato."

Kakiinua kiroba chake.

"Haya. Kusahau kupo. Mimi mwenyewe leo nimesahau chumvi."

Jumatatu, 7 Oktoba

Kikao. Nilimsubiri Bibi Nakiete atangaze kesi. Kila mtu alisubiri. Mzee Senzota alikuja na mkoba wake kabisa.

Bibi kasimama. Kasema zahanati haing'oi, hata yeye ana magoti yanayouma na shinikizo la damu. Kasema kuirudisha ramani nyuma ni kuwachelewesha wajawazito kwa ajili ya fiwi. Lakini akauliza fiwi zenyewe azipande wapi.

Wamemwonyesha viwanja vyake viwili vya fidia, upande wa soko. Vizuri, kona kabisa. Akavitazama kwenye karatasi.

"Nyumba ninayo. Kiwanja kinaliwa na nini, na mchuzi gani?"

Kimebaki kipande cha nusu ekari mkononi mwake, kile cha chini ambako maji yanatuama. Nikanyoosha mkono, nikasema achukue pia kiwanja nilichogawiwa mimi. Bibi kaniambia, "Kaa chini, mwanangu. Kitakuwa cha tatu kisicholiwa." Wamecheka. Nami nimecheka.

Baba ndiye aliyesimama mwisho. Kasema shamba letu lina nafasi upande wa mashariki. Bibi apande kwa kuazima, msimu huu, na ujao tutaona.

Jumatano, 9 Oktoba

Msaragambo wa kwanza wa zahanati. Kila kaya imetoa mtu na jembe. Nimefika kabla ya wote, nimechimba msingi mpaka viganja vimechubuka. Mzee Senzota kasema nachimba kama trekta. Trekta inakunywa dizeli, mimi uji tu.

Msingi umenyooka. Nimeukagua kwa kamba mwenyewe. Watakuja watu kutoka wilayani wauone, waulize nani kaifunga kamba hii.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua ya kwanza usiku wa kuamkia leo. Udongo umelowa vizuri.

Asubuhi Bibi Nakiete kaja nyumbani kwetu na mkungu wa ndizi kichwani. Ndivyo anavyofanya mtu anayeazima shamba. Analeta kitu, anaomba, anaonyeshwa mpaka. Baba alimwambia haikuwa lazima. Akasema desturi ni desturi. Nikaupokea mkungu, nikaupeleka jikoni. Ulikuwa mzito.

Baba akamwonyesha kipande chake. Hakuhitaji kumwambia masharti, kila mtu anayajua. Kwenye shamba la kuazima unapanda fiwi, unapanda mahindi. Hupandi mti. Si mwembe wala mgomba. Kitu cha kukaa hupandi.

Nimemchimbia mashimo hadi mchana. Yeye anafuata nyuma na mbegu, mbili mbili, anafukia kwa kidole cha mguu. Kaniuliza zahanati itaisha lini. Nimemwambia mwakani, na kwamba msingi wake ni mimi. Kasema vizuri. Kaniita "msahaulifu wangu", anatania. Kila mara ananiita hivyo sasa, na watu nao wameanza.

Sikusahau. Siku ile njiani, na barua mkononi, nilijua kabisa kwamba Bibi Nakiete ni Msabato. Nilitazama mgongo wa pili, nikaona ni mbali. Nilikuwa nimechoka.