Butoyi, Sasa Wanataka na Damu Yangu

Butoyi, pacha wangu,

Nakuandikia nina hasira, na kalamu unajua tuliachana nayo darasa la pili. Usicheke. Wewe hata jina lako lilikushinda.

Yule binti daktari wa utafiti aliyekutoa damu amerudi Heru Juu. Tumekuzika, tumeondoa matanga, tumevuna maharage, ndiyo majibu yako yanafika. Nikamwambia, "Mgonjwa wako yuko kule migombani, nenda ukamsomee." Akainamisha kichwa. Sikumwonea huruma.

Anasema damu yako wameisoma kwa mashine, vinasaba, protini, mafuta, vitu maelfu kwa mara moja. Kongosho lako lilikuwa limechoka, insulini halitoi, na moyo umeshaanza kuumia kitambo. Vidonge ulivyopewa zahanati peke yake visingekutosha. Ulihitaji sindano. Sindano tu, Butoyi.

Na sisi huku tunasema sukari ni ya wenye vitambi wa Kasulu mjini, wewe mwembamba kama mpini utaipata wapi? Umekonda, basi umerogwa. Shangazi akaleta asali ya msitu wa Kagerankanda urudishe mwili. Na kwa kuwa pacha hapewi kitu mwenzake akakosa, kila bakuli lako na mimi langu. Nilikula kukuzidi, unanijua. Wewe ukazidi kukauka. Mimi juzi tu nimepanda mti kushusha mzinga, vijana wako chini wananishangaa.

Hapo ndipo panaponiuma. Tumbo moja, sura moja, asali moja, umekufa wewe. Daktari naye anauliza hilo hilo. "Babu, mapacha wa kufanana kama nyie ni adimu. Kitu gani kiliiamsha sukari kwake, kwako ikalala?" Anataka damu yangu aiweke kando ya yako. Nikamfukuza. Nikamwambia nusu yangu nimeshaizika, hii iliyobaki hamuigusi.

Kumbe Domina, binti yako, naye ameanza. Mabega yamechongoka kama yako, maji anakunywa kama ng'ombe. Walipompima, sukari iko juu. Zahanati wakampa vidonge vile vile. Vile vile. Akanijia. "Baba mkubwa, ubishi wako mpelekee marehemu. Mimi nina mtoto ananyonya." Hakuna aliyewahi kunijibu hivyo katika ukoo huu.

Basi nikapanda bodaboda na Domina hadi mjini, sijala kitu, kama wanavyotaka. Nikamwambia daktari, damu yangu utapata, ila huyu kwanza. Apimwe kongosho leo, asisubiri mashine zenu za ng'ambo. Akapiga simu mbele yangu. Walipomaliza na Domina ndipo nikanyoosha mkono. Wakajaza vichupa, sikupepesa jicho. Nesi mwenyewe alisema mishipa yangu ni ya kijana.

Domina ameanza sindano. Juzi nimemsikia akimfokea mumewe, nikajua nguvu zinarudi. Majibu yangu bado, wakichelewa tena watanitambua.

Lala, Butoyi. Nikikosekana nyumbani, jua nimekaa mlangoni pa zahanati, maana siku dawa ya Domina ikiisha sitoki pale mpaka itolewe. Hilo nakuahidi. Lakini kuondoka kwako sijakusamehe. Mkubwa ni mimi, zamu ilikuwa yangu.

Bukuru