Kioo Kimelala, Hakijafa

Mikumi, Kilosa,
18 Juni 2025

Mpendwa shangazi yangu Paulina,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu urudi Magu? Mimi ni mzima na ndoa ina wiki sita. Shangazi, nampenda Optatus! Akitoka kuchota maji namngoja mlangoni kama aliyekwenda safari.

Lakini leo nimekasirika. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu ningelia tu.

Unajua Optatus ndiye mwangalizi wa kompyuta ya mapokezi pale gesti ya baba yake. Umeme ukikatika wanatumia betri, nayo ilikuwa inaisha upesi. Mume wangu akatengeneza programu: usipoigusa kompyuta kwa dakika tano, kioo kinajizima chenyewe huku kompyuta ikiendelea na kazi. Ukibonyeza kitufe chochote cha kibodi, kinawaka. Betri sasa inafika asubuhi. Nilijivuna mno!

Ijumaa Baba mkwe akakuta kioo cheusi. Akakipiga kofi, akamfokea Optatus mbele ya madereva wa malori: "Umeua mashine ya watu! Tangu uoe, akili umeziacha kitandani!"

"Baba, imelala tu, haijafa."

"Mashine inalala? Imeolewa na nani?"

Madereva wakacheka mpaka wakashika meza. Akamwambia arudishe funguo za mapokezi, kazi atapewa Yassin, yule kijana wa usafi. Mume wangu akaziweka mezani, akatoka.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Jibu nilikuwa nalo mdomoni! Lakini ulinifunza mwenyewe kwamba mkamwana hajibizani na mkwe. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, nikaweka chai, nikabonyeza kitufe kimoja. Kioo kikawaka, majina ya wageni yote yamo. Hakuna aliyecheka tena.

Baba akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema "Marahaba." Basi! Akanywa chai.

Tangu siku hiyo Optatus yuko nyumbani, hata chakula hali vizuri, anasema hatarudi bila kuitwa na baba yake. Na kinachonichoma zaidi ni hiki: jana nimepita pale, mgeni kauliza mbona kioo cheusi, Baba akabonyeza kitufe kwa mbwembwe, akamwambia, "Imelala tu, haijafa." Maneno yale yale ya mwanawe! Mgeni anaambiwa, mwana hajaambiwa kitu.

Shangazi, wewe ndiye uliyekaa na Baba mkwe mkeka mmoja siku ya posa. Mimi siruhusiwi kumwambia, wewe unaruhusiwa. Mpigie. Mwambie amwite mwanawe mbele ya madereva wale wale, ampe funguo kwa mkono wake. Chai nitapeleka mimi, kwa magoti yote mawili.

Nisalimie mjomba Shilinde, na Anitha mwambie gauni la harusi alilonishonea bado linasifiwa huku. Mungu akupe goti jepesi na sauti kali.

Ni mimi mwanao nikupendaye, mke wa Optatus,

Limi