Jina Lililofumuliwa Nazareti

Yerusalemu, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Okoth,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, kisha nakusalimu tena kwa jina langu mwenyewe, maana Bwana huku ana shughuli nyingi, kila kona kuna watu wanamwita kwa lugha zao. Presha yako inaendeleaje? Zile dawa za asubuhi unazimeza, au umeanza tena kuzikata nusu ukisema zitaisha? Na mguu wa Shemeji? Mvua imeshuka, au bado mnaangalia mawingu yakitoka ziwani na kupita juu yenu kwenda kunyeshea watu wa Maseno? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kupanda na kushuka. Lakini moyo umechemka, dada. Nimekasirika tangu Jumatatu na hasira haijapoa, kwa hiyo usishangae ukiona mwandiko umetoboa karatasi.

Nianze na ya uwanja wa ndege ili ucheke kidogo. Nilibeba unga wa ugali kilo mbili na omena kwenye kopo, kwani nani alijua tungelishwa nini. Askari mmoja, msichana mdogo kuliko wanetu, akafungua unga, akatia kidole, akanusa, akamwita mwenzake. Wakanitenga na kundi. Nani amekupa huu, nani alifunga sanduku, unakwenda kufanya nini? Nikasema nakwenda kuomba. Omena wakawatazama kwa muda mrefu, macho kwa macho. Mama Dorka, yule mzee wa chama chetu cha kanisa, wa kutoka Sondu, ninayelala naye chumba kimoja, akawaelezea kwa Kijaluo, tena kwa upole, kwamba hao ni samaki na hawajawahi kumkosea mtu. Mwishowe wakatuacha, lakini unga ukabaki kwao.

Na Galilaya je? Tulipelekwa hotelini kando ya ziwa kula samaki wa Petro. Watu wanatoka nchi zote kumla. Sahani ikaletwa, dada, nikaangalia, ni ngege, samaki wetu wa nyumbani. Ngege yule yule niliyemuuza sokoni Kisumu miaka yote ile mpaka mbuta, yule samaki mla wenzake, akammaliza ziwani. Wamemkaanga akakauka kama ubao, hakuna mchuzi, hakuna ugali, amezungukwa na chipsi. Wenzetu wakaacha vichwa kwenye sahani kwa kuwaonea aibu wazungu. Mimi nikala changu, kisha nikala na cha Kasisi wetu.

Hayo ni ya kucheka. Lililonifanya nishike kalamu ni kitambaa.

Unakijua, maana mkono wako umo ndani yake. Akina mama wa chama waliponichagua kuja, walisema hawatanituma mikono mitupu. Wakakata shuka jeupe, na kila mmoja akashona jina la mtu wake, mgonjwa au marehemu, kwa uzi wake mwenyewe, ili yakasomwe Bethania, kwenye kaburi la Lazaro. Wewe ulikuwa umeacha kuja kanisani tangu mazishi. Nilikuletea kitambaa nyumbani. Uliingia ndani ukatoka na sweta ya shule ya Akinyi, ile ya rangi ya damu ya mzee, ukaifumua mkono mmoja, ukachukua sindano ya kushonea magunia, ukaandika jina la binti yako kwa uzi wa sweta yake. Mimi nilishika taa ya koroboi nikijifanya moshi ndio unaoniumiza macho.

Jumatatu tulikuwa Nazareti. Baada ya chakula Kasisi Oduor akasema nilete kitambaa akione kabla hakijaenda Bethania. Akakitandaza mezani, pale pale kwenye makombo ya mkate, akawa anapitisha kidole jina kwa jina. Kidole kikasimama.

“Mama, hii jina itabidi itoke,” akasema.

“Itoke iende wapi, Kasisi?”

“Usifanye ikuwe ngumu. Hii kitambaa tutapigwa picha nayo kwa kaburi ya Lazaro, na picha inaenda kwa Askofu. Akiuliza huyu Akinyi ni nani, nitasema nini? Kanisa mzima inajua vile alikufa.”

“Alikufa akiwa mgonjwa. Na hawa wengine walikufa wakiwa nini?”

“Kuna ugonjwa na ugonjwa, mama. Vijana wanatuangalia.”

Nikawageukia wazee wa kanisa waliokuwa mezani. Mmoja alikuwa anakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Mwingine akasema, “Sikiza Kasisi tu, mama, tusiaibishane mbele ya watu wa hoteli.” Kisha Kasisi akamaliza: jina likibaki, kitambaa chote kitabaki ndani ya basi, hakitasomwa hata jina moja.

Hapo ndipo walipopata mahali pa kunishika. Nikawaona akina mama wote wa chama, kila mmoja na mgonjwa wake, wakiniuliza kwa nini jina lake halikufika. Nikaazima wembe kwa mzee mmoja, nikakaa dirishani, nikafumua. Ndiyo, dada. Ni mkono wangu uliofanya hivyo, si wa Kasisi. Naandika hili ulijue kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Nilipokuwa navuta zile nyuzi nilikuwa naiona siku ile ya mazishi. Jeneza limefungwa nailoni. Kasisi anaomba akiwa getini, ameshika kitambaa puani, hakuvuka hata hatua moja kuingia bomani. Vijana wa kuteremsha jeneza wamevaa mifuko ya nailoni ya sukari mikononi. Na kwa kuwa Akinyi hakuwa ameolewa, wazee wa ukoo wakasema msichana hazikwi ndani ya boma, akalazwa nje ya ua, nyuma ya ile miti ya ojuok, mahali ambapo ng'ombe hupita. Mila ilimweka nje ya ua na kanisa likamwacha nje ya mlango. Ikabidi mimi, mama yake mdogo, niliyemfunga mgongoni akiwa na surua, nimtoe kwenye kitambaa kwa wembe. Nilimkasirikia Kasisi, nikawakasirikia wale wazee na chai yao, lakini niliyemkasirikia kuliko wote ni mimi.

Kesho yake, asubuhi, tukiwa ndani ya basi kuja Yerusalemu, Mama Dorka akaomba nimpe kitambaa akishike. Yeye hajui kusoma, lakini majina yote anayajua kwa nyuzi: kijani ni wa fulani, manjano ni wa fulani. Akawa anapapasa kwa vidole mpaka akafika.

“Hapa kulikuwa na nyekundu,” akasema.

“Ilitoka.”

“Ilitoka na miguu yake?”

Nikamwambia yote. Akaangalia vile vilima vyao visivyo na mti. Kisha akaweka kidole juu ya jina la mwanawe, lile la uzi mweusi.

“Huyu kijana yangu alikufa vile vile,” akaniambia polepole. “Hiyo hiyo ya Akinyi. Lakini Kasisi alipokuja kuniuliza, mimi nilisema ni kifua.”

Unaona, dada? Jina la mwanawe liko pale, zuri, hakuna aliyeligusa, kwa sababu mama yake alisema ni kifua. Na wewe Kasisi alipokuja nyumbani ukamkaribisha kiti, ukamwambia kweli yote, ukautaja ukimwi kwa jina lake, kama unayemwambia Mungu, ukidhani atakuombea. Kosa lako ndilo hilo. Ungedanganya, mtoto wako angeingia kanisani na kwaya ingemwimbia. Nimekaa kanisani tangu ubatizo na sijawahi kusikia mahubiri yanayotufundisha hivyo, lakini kumbe ndiyo sheria tunayoifuata.

Mama Dorka akaniuliza, “Uzi uko wapi?” Ulikuwa kifuani mwangu, nimeufunga kwenye karatasi ya hoteli. Sikuweza kuutupa. Tukatandaza kitambaa magotini. Sindano yako ya magunia ilikuwa imeacha matundu makubwa, na ukikiinua kwenye jua la dirishani, jina lilikuwa linasomeka lote bila uzi. Mama Dorka akavuta kitambaa kikakaza, nami nikawa napitisha uzi katika matundu yale yale uliyotoboa wewe. Basi linatikisika, najichoma, nashona. Wembe ulikuwa umeukata uzi vipande vipande, ukanitosha mpaka herufi ya N. Nikafumua pindo la kitambaa changu cha kichwa cha chama, kile cha buluu, nikamalizia nacho. Kwa hiyo jina lake sasa lina rangi mbili. Nakuomba unisamehe kwa hizo herufi mbili za mwisho.

Jana tukaenda Bethania. Kaburi la Lazaro si kama tunavyoliona kwenye picha za Shule ya Jumapili. Unashuka ngazi za mawe nyembamba, zinateleza, unainamisha kichwa, mpaka unafika chini kwenye chumba kidogo ambamo pumzi yako inamgonga mwenzako. Kasisi alikuwa ameyanakili majina kwenye karatasi, bila Akinyi. Akayasoma yote, akasema Amina, akakunja karatasi.

“Bado moja,” nikasema.

“Mama, tulikubaliana.”

“Tulikubaliana tukiwa Nazareti, Kasisi. Hapa ni kwa Lazaro. Yesu alipofika hapa aliuliza tu amelazwa wapi. Hakuuliza amekufa na nini. Na maiti ilikuwa imeshaanza kunuka.”

Nikafungua kitambaa. Hapakuwa na mahali pa kunipitia wala pa kuninyang'anya, tulikuwa tumebanana. Nikasoma: Akinyi. Kisha nikataka kusema ni binti ya nani, kama majina yote yalivyosomwa, na hapo nikajikuta sina jina la kukuita. Kwa sababu tangu mazishi tumeacha kukuita jina lako. Zamani ulikuwa Mama Akinyi, kijiji kizima, sokoni, zahanati. Baada ya kumzika, watu wakaruka wakaenda kwa mtoto wa pili, ukawa Mama Okoth, kana kwamba ulianza kuzaa na Okoth. Hakuna aliyetangaza. Tuliruka tu, na mimi nikaruka nao. Hata barua hii nimeianza hivyo kwa mazoea, na sikufuta, nataka uone jinsi tulivyozoea vibaya.

Basi nikasema, “Akinyi, binti ya Mama Akinyi.”

Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Lakini Mama Dorka alisema Amina kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto, na sauti ikakijaza chumba kile. Mwingine nyuma yangu akasema Amina ndogo. Sijui ni nani na sikugeuka.

Kasisi alitangulia kupanda. Tulipofika hotelini akaniambia, “Tutaongea nyumbani mbele ya wazee. Hiyo uniform ya chama utarudisha.” Nitairudisha, dada, imefuliwa na kupigwa pasi, ila pindo la kitambaa cha kichwa limefumuka, na sitalishona. Kitakachoniuma ni lile benchi la akina mama, maana nimekaa pale tangu nilipoolewa. Tena Kasisi si mtu mbaya. Leo asubuhi nimemwona amembeba Mama Dorka mgongoni kwenye ngazi, jasho linamtoka, na hakuombwa. Ndiyo sababu nakasirika zaidi. Angekuwa mbaya ningemsamehe haraka.

Nisalimie Shemeji, mwambie nimempatia fimbo ya mzeituni kwa ajili ya ule mguu. Msalimie Okoth na mkewe. Mama mkwe wako mwambie maji ya Yordani namletea kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, asiyanywe. Nisalimie na mume wangu, ambaye najua yuko kwako kila jioni akidai hajui jiko liliko.

Sasa neno la mwisho. Jumanne ijayo nitakuwa nimefika nyumbani, na wanasema barua ya kutoka huku huchukua wiki tatu. Kwa hiyo utakapoishika hii utakuwa umeshasikia yote kwa mdomo wangu, na utauliza nilihangaika kuandika kwa nini. Nimeandika kwa ajili ya bahasha. Unajua barua zote za kijiji chetu hupita sanduku la posta la kanisa, na Jumapili baada ya matangazo karani husimama akaziita, jina kwa jina, na mwenyewe huinuka kupokea. Juu ya bahasha nimeandika MAMA AKINYI, kwa herufi kubwa, karani asiseme hakuona vizuri. Ataliita akiwa mbele ya madhabahu, na Kasisi amekaa nyuma yake.

Kama ulikuwa hujawa tayari kurudi kanisani, basi ni Shemeji aliyeinuka, yeye ambaye hajalitaja jina hilo tangu tumzike. Nitakuambia mwenyewe alitembeaje kwenda mbele. Lakini kama ulikuja siku hiyo na tukakaa pamoja, kwenye benchi lolote watakaloniachia, basi ulisikia ukiitwa, na uliinuka wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Peris, mama mdogo wa Akinyi