Bati Nililoficha Chini ya Moteri Yako

Muzee Paluku,

Ni mimi, Bahati fundi wa radiatere, rejeta za magari, yule uliyeendelea kumwita kijana hadi kipara kikamaliza kichwa. Ningekuandikia mapema, lakini nilikuwa na kazi nyingi: kukuogopa.

Ya hapa ni haya. Kambi ya Kanyaruchinya ulikofia imebomolewa. Watu wameambiwa warudi kwao, kana kwamba kwao kuliwasubiri. Waasi ndio wenye mji sasa. Uwanja wa ndege umefungwa. Bawa moja la ndege yako, ile tuliyoiunda kwa mikono yetu, ni paa la choo cha mtu pale Kibati. Moteri, injini yake, waasi waliing'oa, sijui inafanya nini huko iliko. Natumaini inawachemkia.

Unakumbuka lava ya volkano ilipomeza gereji yetu ya kwanza? Tulihamia Kibati na hiyo moteri tu, ya gari, isiyo na pistoni, yenye pembetatu mbili zinazozunguka tumboni. Ulinieleza kwa uvumilivu: "Mafuta ndiyo inapoza ile pembetatu, kijana. Maji peke yake haitoshi. Tunaweka radiatere mbili, moja ya maji, moja ya mafuta."

"Radiatere mbili kwa mugonjwa mumoja?" nikacheka.

"Na upepo ukishapita mu radiatere unavimba na joto. Tundu la kutokea lizidi la kuingilia." Ukachora kwenye daftari. Nami nikachomelea, nikitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Sasa sikia. Malaria ilipokulaza siku nne, nilitaka kukufurahisha. Kila gari linalopita mikononi mwangu nalifunga bati chini, maana mawe ya lava hayana heshima kwa radiatere. Nikawaza: hii ndege nayo itakimbia juu ya mawe hayo hayo kabla ya kuruka. Nikaweka bati kwa ndani, chini ya moteri, nikalipaka rangi nyeusi, nikajisifu moyoni bila kukuambia. Kumbe nilikuwa nimeziba zaidi ya nusu ya tundu lako la kutokea.

Ulipoijaribu, sindano ya kipimo cha joto ikafika kwenye nyekundu kabla hujafika mwisho wa kiwanja. Madereva wa pikipiki wakapiga kelele: "Muzee, tia viazi, maji iko tayari!" Toka siku hiyo ndege yako ikaitwa Sufuria. Ulifungua moteri, ukafunga, ukafungua tena. Upande wangu hukuugusa, kwa sababu ulikuwa umewaambia watu wote: "Kazi ya Bahati haikaguliwi."

Jaribio la pili nilipitisha mkono chini ya tumbo la ndege. Upepo hautoki. Nikajua ni bati langu. Nikasema moyoni, Jumatatu nitaling'oa, nijifanye nakaza nati tu. Jumapili vita vikafika Kibati. Tukakimbia, wewe na daftari lako, mimi na aibu yangu, ambayo wakati ule ilikuwa bado nyepesi.

Kule kambini, homa imekubana chini ya turubai, ukaniambia: "Hesabu yangu ilikuwa ya mupumbavu." Nilikuwa nimekushikia kikombe cha uji. Nikasema, "Kunywa, Muzee."

Hayo tu. Kunywa, Muzee.

Hesabu yako ilikuwa sawa. Yote. Nimeipitia mara nne, mimi niliyekuwa nikitoroka somo hilo shuleni.

Na sasa binti yako Kavira anachana kurasa za daftari lile, anafungia mandazi anayouza. Juzi nilinunua mawili. Akanipa kwenye karatasi yenye mkono wako, akacheka kidogo: "Chukua, Papa Bahati, Sufuria ya baba imepata kazi." Nilikula mandazi hayo, Muzee. Nikasema ni matamu.

Basi lala sasa. Kesho naenda kwake, mchana, wateja wakiwa wamejaa na wale wa pikipiki wakiwa wanakunywa chai. Nitasema kwa sauti nani aliyeziba tundu. Akinifukuza, nitakaa barabarani mpaka amalize kunitukana, halafu nitamwambia tena.

Bahati wako