Miguu ya Kigoda

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Area D tu wazima. Mama yako mdogo kajifungua mtoto wa kike. Mvua ilikuja ikakata, tuyaache hayo.

Unauliza kwa nini tulipoonyeshwa mchoro wa mtaa wetu utakavyojengwa upya, wauza vitu vya kale wote walipiga makofi ila mimi.

Nilipokuwa msichana, mwanamume wa Kibakwe alimletea mama yangu, aliyekuwa akinunua vitu vya kale, kigoda cheusi, kinang'aa. Akaapa kilikaliwa na babu wa babu yake. Mimi nilishakipenda. Mama hakutazama hata pa kukalia, alikigeuza juu chini. Kigoda cha zamani kimeburutwa sakafuni mpaka miguu ikalika. Hiki miguu yake ilikuwa na kingo kali, na kilinuka moshi na samli, kimepakwa juzi tu ili kionekane cha kale. Mama hakumwaibisha. Alimpa togwa, akamwambia, "Kizuri, mwanangu. Kirudishe kikakaliwe kwanza."

Basi wenzangu waliutazama mchoro kule juu, kwenye maghorofa na vioo. Mimi nikainama nikatazama chini, pale tunapopanga vibuyu na vigoda vyetu. Wamechora magari yameegeshwa.

Nikamwambia yule kijana wa mradi aliyetuletea mchoro, "Mzuri, mwanangu. Urudishe, uje nao siku mtakayotuchora sisi tumekaa."

Hakubisha, Neema. Aliukunja haraka akaondoka. Angebisha, ningelala usingizi; asiyebisha anajua kweli kwamba hatumo.

Bibi yako