Dakika Kumi za Mwisho

Jumatatu, 7 Julai

Leo nimepata heshima ambayo sikuitafuta, nami naona haya kukiri jinsi ilivyonifurahisha. Mjukuu wangu, binti mkubwa wa mwanangu wa kwanza, amekuja na barua kutoka kazini kwake. Yeye ni mhariri wa picha katika kituo cha televisheni. Kazi yake ni kukaa mbele ya vioo viwili, akikata picha hapa na kuziunga pale.

Jumamosi saa nne asubuhi wana mjadala, moja kwa moja hewani: tamthilia za zamani na za sasa, zipi zilijenga maadili? Upande wa sasa atasimama msichana anayeigiza katika *Ghorofa ya Saba*. Upande wa zamani — mimi! Niliisoma barua mara tatu nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma mara ya nne kwa utulivu.

Sababu ya kuchaguliwa naijua. Mwaka hadi mwaka, katika darsa zangu, nimekuwa nikisimulia kisa cha *Mlango wa Tatu*, tamthilia iliyokuwa ikionyeshwa kila Alhamisi tulipokuwa vijana wa chuo cha dini. Kaka mmoja anaghushi wasia ili amnyang'anye mama yake nyumba. Mwisho hurudi, hupiga magoti, na mama humfungulia mlango bila kuuliza neno. Nimeona watu wazima wakilia. Wawili walikwenda kupatana na wazazi wao siku hiyohiyo.

Mjukuu akanionya nisivae miwani yangu yenye uzi. "Babu, kamera itakuona kama redio iliyofungwa kamba." Nikamwambia, kwa utani wa babu na mjukuu, mke hamsemi mumewe hivyo. Akajibu kuwa huyo mke mwenzake jikoni ndiye aliyempa maneno. Kutoka jikoni kikasikika kicheko.

Nimeswali rakaa mbili kuomba unyenyekevu. Nadhani sikuupata wote.

Jumanne, 8 Julai

Mjukuu amechimbua ghala la kituo, akapata sehemu mbili tu za *Mlango wa Tatu* zilizosalimika: ya kwanza na ya mwisho. Kaziweka kwenye flashi. Mke wangu alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani mgonjwa, basi tukatazama wawili, mchana, mapazia yamefungwa.

Ya Rabi, jinsi nilivyocheka! Katika kumbukumbu yangu lile lilikuwa jumba. Kumbe ni ubao uliopakwa rangi. Kila mlango ulipofungwa, nyumba nzima ilitikisika, na picha ya marehemu baba ukutani ikawa inapiga saluti. Waigizaji walisimama foleni kama wanaosubiri sindano. Mmoja alisema, wengine wakamngoja kwa adabu. Mtu mmoja alikunywa maji — nimehesabu — sekunde hamsini na mbili! Paka akapita sebuleni, paka halisi, hakuwa katika mchezo. Yule mama akamfukuza kwa upawa huku akiendelea kulia msiba wake. Mjukuu alikuwa chini sakafuni, hana pumzi. Mimi kofia iliniruka.

Kisha tukafika dakika ya ishirini ya sehemu ya mwisho.

Hapa sharti nijiandikie ukweli. Televisheni ya mtaa mzima ilikuwa moja, dukani kwa fundi cherehani. Kipindi kilikuwa cha nusu saa kabla ya kiza, na adhana ya magharibi ilitukuta dakika ya ishirini. Sisi wa chuo tuliinuka, tukakimbilia msikitini. Kwa hiyo dakika kumi za mwisho sikupata kuziona, hata Alhamisi moja. Nilisimuliwa. Na kwa kuwa nilisimuliwa vizuri, miaka ikapita nikajihesabu miongoni mwa walioona.

Leo nimeona. Kaka hakurudi. Hakupiga magoti. Aliiuza nyumba, akambeba mama yake akiwa usingizini, pamoja na kitanda chake, akampandisha juu ya mkokoteni, akausukuma akipiga mluzi. Majirani wakashangilia. MWISHO.

Mjukuu alicheka peke yake. Kisha akanitazama. "Babu… magoti yako wapi?"

Jumatano, 9 Julai

Aliyenisimulia ile miisho alikuwa binti wa fundi cherehani. Ndiye mke wangu, mwaka wa arobaini na mbili sasa.

Baada ya chai nikamwuliza, kwa upole: yule kaka, mwisho wake ulikuwaje?

Akasema aliomba radhi, si unajua.

Nikamwambia jana nimeuona. Mkokoteni.

Akaweka kikombe chini. Mabega yakaanza kumtetemeka — nikadhani analia, nikainuka. Analia nini! Alikuwa akicheka, kicheko cha msichana, akijifunika uso kwa upande wa mtandio. "Mkokoteni? Alimpakia kwenye mkokoteni? Maskini mama wa watu!"

Ndipo nilipoelewa kuwa naye alikuwa akiusikia kwa mara ya kwanza.

"Hukuona?"

"Ningeonea wapi, Maalimu? Adhana ikilia, baba alizima, akafunga kabati la televisheni kwa kufuli, funguo mfukoni. Hakuna aliyeona mtaa ule."

"Na yote uliyonieleza? Kila Alhamisi? Miaka miwili?"

Akasema mimi ndiye wa kulaumiwa. Nilikuwa nikirudi kutoka msikitini na kanzu ileile mkononi, eti pindo limefumuka. Pindo hilo kalishona mara kumi na moja, na mara tisa alijua kuwa nimelifumua mwenyewe. Nasimama pale kaunta, natazama chini, nauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei: na leo iliishaje? "Ningekwambia sijui, ungechukua kanzu yako ukaenda. Basi nikawa natunga. Nikiumaliza vizuri unatabasamu. Nikiuacha njiani, Ijumaa asubuhi umekuja na suruali."

Mimi! Niliyefundisha vijana kwa miaka arobaini kwamba habari haipokelewi mpaka mpokezi wake, yaani anayeisimulia, achunguzwe: ni nani, alikuwapo, alisikia kwa nani! Mpokezi wangu alikuwa mmoja tu, nami nikashindwa kumchunguza kwa sababu nilikuwa nikitazama vidole vyake vikitia uzi kwenye sindano.

Nimecheka mpaka ubavu umeniuma. Wote wawili tumecheka. Nilipotoka kwenda adhuhuri nilikuwa bado natabasamu, na muadhini akaniuliza kama nimepata mjukuu mwingine.

Alhamisi, 10 Julai

Mambo yamegeuka.

Asubuhi nilimwambia mke wangu nimekwisha kuamua: Jumamosi nitasema wazi kuwa kisa nilichokisimulia miaka yote hakikuwamo katika tamthilia. Nimewafundisha watu jambo lisilokuwapo. Sharti nilisahihishe palepale litakaposikika na wengi.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Akauliza wakiniuliza nilikipata wapi nitajibu nini.

Nikasema nitajibu ukweli.

"Ukweli ni mimi."

Akasema ana wanawake thelathini wanaokuja kwake kila Jumanne kusoma. Je, wamwite nani kuanzia wiki ijayo? Mke wa shehe aliyemdanganya shehe? Jana alicheka kwa kuwa tulikuwa wawili. Kucheka jikoni si kuchekwa mjini. "Sema umesahau. Wazee husahau, hakuna atakayeshangaa."

Nikamwambia sikusahau, nikisema hivyo nitakuwa nimeongeza uongo juu ya kosa. Akaendelea na mchele wake. Alichambua ule ule mara mbili.

Nikaondoka, nikakaa na mjukuu kutazama *Ghorofa ya Saba*, ili nimjue mpinzani wangu. Nilidhamiria sehemu moja. Nimetazama tano! Mambo ya ajabu: watu huamka na wanja umekaa sawasawa. Jiko lao ni pana kuliko msikiti wetu, wala hakuna anayeosha hata kijiko. Kila mwenye siri huacha simu mezani bila kufunga, akaenda kuoga. Mtu akiambiwa neno zito, tunaonyeshwa uso wake, kisha wa shangazi, kisha wa mlinzi getini asiyehusika — kila uso na radi yake!

Hata hivyo, katika sehemu ya nne, yule msichana nitakayekaa naye Jumamosi anagundua kuwa baba yake alifungwa kwa sababu ya ushahidi alioutoa yeye. Hakupiga kelele. Aliosha mikono, akatandika mkeka, akasujudu, na kamera ikamwacha huko chini muda mrefu sana, bila radi. Nilitoa kitambaa. Mjukuu akajifanya anatafuta rimoti.

Nilikuwa nimejiandalia maneno makali juu ya tamthilia za sasa. Nimeyachana. Sina upande tena! Zamani kulikuwa na mkokoteni, leo kuna sijda. Na mwisho bora nilioupata kuusikia maishani haukuonyeshwa na kituo chochote.

Nilitaka kumwambia mtunzi wake mwenyewe hivyo. Alikuwa ameingia chumbani, mlango umerudishwa.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala watu wamenizunguka mlangoni kama bwana harusi. Muuza matunda kasema atawasha televisheni ya duka sauti juu. Mwalimu mkuu: "Shehe, kesho uwanyooshe hao wa mapenzi ya ghorofani!" Muadhini akanikumbusha nisisahau yale magoti. "Hapo kwenye magoti, Shehe, taratibu. Hapo ndipo kilipo kisa."

Kijana mmoja fundi bomba akanivuta kando. Kumbe ni mmoja wa wale wawili waliokwenda kupatana na wazazi wao. Mama yake amefariki mwezi uliopita, wakiwa wamepatana kwa miaka sita, kwa ajili ya kisa kile. Ananishukuru. Ningemwambia nini? Nilimshika mkono, nikamwombea marehemu.

Nimerudi nikamhadithia mke wangu habari za fundi bomba. Akaweka sufuria chini.

"Miaka sita?"

"Sita."

Akauliza mama huyo alikuwa akiishi mtaa gani, na kama alimfungulia mwanawe mlango. Nikasema kijana anasema hakuuliza neno.

Kabla ya isha nikamwambia: jina lako sitalitaja, nitasema mwisho ule ulitungwa, na mtunzi hajaniruhusu kumtaja. Uongo siwezi. Zaidi ya hapo siwezi. Akasema amesikia. Kusikia si kukubali — namjua kwa miaka arobaini na mbili.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi la kituo, nje ya studio. Saa nne kasoro dakika kumi na mbili.

Nilipotoka kuoga asubuhi nilimkuta amekwisha kuvaa. Buibui jipya, viatu vya safari. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Kwani barua imekataza?" Tukatoka pamoja.

Hapa ni baridi kama ndani ya jokofu, na nyaya zimetapakaa sakafuni. Msichana wa *Ghorofa ya Saba* ni mdogo kuliko nilivyodhani. Ana mafua. Amenisalimia kwa adabu, shikamoo na mikono miwili, nikamwambia sehemu ya nne imeniliza. Akaruka! Kweli akaruka, akamwita mtu wa vipodozi aje asikie. Kisha akasema nyanya yake alimlea kwa kisa changu cha magoti.

Mtayarishaji wa kipindi akaja na karatasi zilizobanwa kwenye ubao mdogo, mtu wa haraka haraka. Akanipa habari njema kwa maoni yake: watarusha kipande halisi cha mwisho wa *Mlango wa Tatu*, dakika kumi zote, kisha watanigeuzia kamera nitoe fundisho. Mjukuu nyuma yake ameshika kichwa. Anasema si yeye, wamekikuta kwenye mashine yake.

Basi hakuna kuchagua maneno. Mkokoteni utapita mbele ya muuza matunda, muadhini, fundi bomba na nchi nzima, kisha watu wataniuliza.

Nilimgeukia mke wangu kumwambia arudi nyumbani, nitabeba lawama mwenyewe. Hakuwa kwenye benchi! Alikuwa amesimama mbele ya mtayarishaji, buibui likigusa ubao wake wa karatasi.

"Mwanangu, hapo mmeweka viti vingapi?"

"Viwili, mama. Cha shehe na cha dada."

"Lete cha tatu."

Akamwambia muda umekwisha, na jina lake halimo kwenye orodha. Yeye ni nani katika mjadala huu?

Mke wangu akavuta pumzi. Nami nikaacha kuvuta yangu.

"Mimi ndiye niliyemalizia," akasema. "Huo mkokoteni wenu urusheni. Kisha nitawaambia ilivyotakiwa kuisha."

Mtayarishaji kamtazama mjukuu. Mjukuu kaniangalia mimi. Nilitaka kusema neno la heshima linalostahili — nikatoa kicheko! Cha sauti kubwa, studio nzima ikageuka, na taa nyekundu ya kuingia hewani ilikuwa bado haijawaka, alhamdulillahi.

Anapakwa poda. Amekataa, amekubali, sasa anaelekeza wapi iongezwe. Vidole amevificha ndani ya mikono ya buibui. Sijui atakachosema, wala ataanzia wapi.

Dakika nne. Kiti kimeletwa. Ni cha ofisini, kifupi, mguu mmoja unayumba. Ameviangalia viti vyote vitatu kwa zamu, akakikalia kile kikubwa cha katikati kilichokuwa changu, akakipigapiga kwa kiganja kile kifupi pembeni yake, niketi hapo.

Wananiita. Mjukuu ameshika mlango. Bado inanipasa kuvua ile miwani yenye uzi, sijui kama —